Mtungi wa Maji Nilioupeleka Kapkatet

Nilitumwa. Sikwenda kutalii wala kutembelea jamaa. Sisi wenye hoteli ndogo za chai pale Emali, kando ya barabara kuu ya Mombasa, tulikaa tukakubaliana kwamba mmoja wetu aende Kapkatet akaone kwa macho yake ni nini kimeharibu chai yetu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyetafuta muuzaji, wote walinigeukia mimi.

Muuzaji mwenyewe ni Mama Nyaboke, Mkisii ambaye wakwe zake walihamia upande wa Kericho zamani kuchuma chai mashambani, baadaye wakanunua kipande cha ardhi Kapkatet wakatulia. Nilikutana naye katika mkutano wa akina mama wa kanisa huko Nakuru. Tulipangwa chumba kimoja, tukapatana kana kwamba tulizaliwa nyumba moja. Yeye huchuma chai yake na kuuza majani ya pakiti sokoni. Nikaanza kuagiza kwake, wenzangu nao wakafuata, na punde si punde karibu kila kikombe cha Emali kikawa ni cha Mama Nyaboke.

Kisha chai ikaharibika. Ukichemsha ya rangi, inakuwa nyeusi ya kuchusha na juu inafanya utando. Ukitia maziwa, inageuka rangi ya majivu. Madereva wa malori, ambao ndio mkate wetu, wakawa wanaonja kidogo, wanasukuma kikombe kando na kuagiza soda. Musyoka, mwenye hoteli kubwa kuliko zetu na mdomo mkubwa kuliko hoteli yake, alipiga meza.

"Huyo mama anatuchanganyia majani na vumbi," akasema. "Mama Mwende, enda uone. Ukipata anatucheza, tunamwacha wote siku hiyo hiyo."

Nilijua maana ya maneno hayo. Mama Nyaboke alikuwa amenieleza kwenye simu kwamba wateja wa Emali ndio waliomtoa kwenye kibanda cha nailoni akapata duka la mabati. Tukimwacha, anarudi kwenye nailoni. Nilipompigia kumwambia ninakuja, hakuuliza sababu. Alipiga kigelegele. Nilikata simu nikiwa na uzito moyoni.

Siku ya kuondoka Emali. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilifikiria zawadi. Kwetu Ukambani, ukienda kwa mtu wakati wa kiangazi, hakuna zawadi inayoshinda maji. Mgeni anayekuja na mtungi amempunguzia mwenyeji safari ya kisimani, tena amemwambia kwamba hatakuwa mzigo. Mama yangu hakuwahi kwenda hata msibani bila mtungi. Basi nami nikajaza mtungi wa lita tano kwenye kisima chetu kipya cha mashine, maji maangavu yasiyo na hata punje ya mchanga, nikafunga kifuniko kwa nailoni. Binti yangu Mwende aliniangalia akauliza kama huko ninakokwenda hakuna maji. Nikamwambia heshima haiulizi hivyo. Nilikuwa sijawahi kufika nchi ya chai, na kichwani mwangu kila mahali palikuwa Emali, tofauti ikiwa ni rangi ya majani tu.

Baada ya Mai Mahiu. Basi letu lilikuwa limeshafika bondeni na nikajiona niko nyumbani. Vumbi, miiba, na makorongo makavu yaliyochimbwa na mvua ya saa moja kisha yakaachwa kwa miezi. Narok mto ulikuwepo, lakini ulikuwa mzito, rangi ya uji wa wimbi. Mulot tukavuka Amala, nao ulikuwa vilevile, umejaa udongo wa mashamba ya ngano na kwato za ng'ombe. Nikaushika mtungi wangu katikati ya miguu nikajisifu. Watu hawa, nikasema moyoni, watanishukuru.

Karibu na Bomet mambo yakaanza kubadilika. Hewa ilipoa. Nyasi zilikuwa kijani hata kwenye mitaro. Tukavuka Nyangores, mto unaotoka kwenye msitu wa Mau, na ulikuwa unakwenda kwa haraka juu ya mawe huku ukipiga kelele. Kwetu mto ni mchanga; ukitaka maji unachimba kwa mikono. Hapa maji yalikuwa yanapita tu, mchana kweupe, hakuna anayeyachimba wala kuyalinda. Machozi yalinilengalenga, sijui kwa furaha au kwa wivu. Labda kwa vyote viwili.

Kutoka Kaplong chai ilianza. Sitaieleza sana kwa sababu kila mtu ameiona kwenye kalenda. Nitasema tu kwamba kalenda haina harufu, na kwamba kati ya kila kilima na kingine palikuwa na kijito. Nikahesabu vijito nikachoka. Mtungi ukaanza kuniaibisha. Nilifikiria kuusahau chini ya kiti.

Kapkatet, jioni. Mama Nyaboke alikuwa ananingoja stendi akiwa na mwavuli na koti la mvua la kunivika. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anayeongea na mikono yote miwili. Alinikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka. Kisha akaona mtungi.

"Umebeba nini, Mama Mwende? Asali?"

"Maji," nikasema.

"Maji ya nini?"

"Yako. Zawadi."

Alinitazama, akautazama mtungi, akatazama mtaro wa barabarani ambao maji ya mvua yalikuwa yanapita kama mto. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Nyaboke alicheka mpaka akajishika nguzo ya stendi. Lakini nilipomweleza desturi yetu, na kwamba mama yangu hakuenda hata msibani bila mtungi, kicheko kilikatika. Aliuchukua mtungi kwa mikono miwili, namna unavyopokea mtoto.

"Sijawahi kuletewa maji tangu nizaliwe," akasema. "Mungu akubariki, dada yangu. Hii siwezi mwaga."

Nyumbani kwake tulinywa chai. Nikaivizia kama askari anavyovizia mwizi, maana ndiyo kazi niliyotumwa. Ilikuwa na rangi ya shaba iliyosuguliwa, na ilipotiwa maziwa ikawa nzuri ya kuvutia, tamu hata kabla ya sukari. Nikaona siri imejulikana: mazuri anayaweka kwake, sisi anatutumia takataka. Nikaomba kuona pakiti. Akanionyesha, na ilikuwa ileile, ya mzigo uleule aliotutumia, kwa sababu katoni iliyobaki kwake ilikuwa bado ina jina la hoteli yangu upande mmoja. Alikuwa ameifungua mwenyewe baada ya kuishiwa. Usingizi wangu haukuwa mzuri.

Asubuhi. Jirani alikuja kunisalimia, bibi wa Kikipsigis ambaye watu wote, hata Wakisii, humwita Kogo, yaani nyanya. Ni yeye mwenye chemchemi iliyo bondeni ambako mtaa mzima huchota maji. Kogo ni mkali, hapendi watoto kukanyaga matope karibu na chemchemi, na miaka ya nyuma alimkatia mwanawe wa kiume miti yote ya bluegum, yaani mikaratusi, aliyopanda pale bondeni, kwa sababu bluegum ni mlevi, hunywa mpaka chemchemi inakauka. Mwanawe bado hajamsamehe.

Mama Nyaboke, kwa heshima yangu, akaamua kwamba chai ya asubuhi hiyo ipikwe kwa maji ya zawadi. Zawadi inatumika mgeni akiona, alisema. Akafungua mtungi, akamimina maji kwenye sufuria na kuyasifu yalivyo maangavu, akachota majani kwenye pakiti ileile ya jana, na kutia maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikimenya viazi.

Alipoanza kuchuja, akasimama. Akanusa. Akaiangalia sufuria kana kwamba imemtukana.

"Mama Mwende, kuja uone."

Nikaenda. Ilikuwa chai ya Emali. Rangi ya majivu, utando juu, yote. Nilipiga ukelele.

Kogo akapewa kikombe kabla hatujajua la kufanya, akapiga funda moja, akatema nje kupitia mlango. "Nani ameweka majifu kwa chai?" akauliza kwa lafudhi yake ya Kikipsigis. "Hii si chai. Hii ni tawa ya minyoo."

Hapo ndipo akili yangu, iliyokuwa imelala miezi yote hiyo, iliamka. Muda mfupi tu baada ya wote kuhamia majani ya Mama Nyaboke, maji ya bomba yanayotoka milimani yaliacha kutufikia, tukahamia kisima kipya. Mambo mawili yalibadilika karibu pamoja na sisi tukahesabu moja. Maji hatukuyashuku kwa sababu yalikuwa meupe. Kwetu maji meupe ndiyo maji mazuri. Ndivyo tulivyofundishwa tukiwa mgongoni.

Nikakaa chini nikamwambia Mama Nyaboke kila kitu: mkutano, vumbi la Musyoka, na sababu ya safari yangu. Alisikiliza huku mikono yake imetulia, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

"Kwa hivyo ulikuja kunikagua," akasema.

"Nilikuja kukukagua."

"Na mimi nikachinja kuku."

Kogo, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya maneno, ndiye aliyejibu. Alisema kuku akishachinjwa hawezi kurudishiwa manyoya, basi aletwe. Mama Nyaboke akaanza kucheka bila kupenda, nami nikacheka huku nalia. Sijui ni watu wangapi wangenipa paja baada ya maneno yale. Yeye alinipa mapaja yote mawili.

Siku iliyofuata, kuelekea Kericho. Mama Nyaboke hakuridhika. Kama ni maji, alitaka tujue kwa nini, ili nikirudi Emali nisisimame mbele ya Musyoka kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani. Tulibeba pakiti ya majani, sufuria ndogo na jiko la gesi, wanawake wawili wazima, tukawa kama wachawi wa chai.

Kituo cha kwanza kilikuwa ukingo wa msitu, juu ya mji wa Kericho. Huko kuna baridi ya kuuma meno. Kijito kinatoka chini ya miti, juu yake majani yaliyooza yamelala unene wa godoro. Ukikanyaga, ardhi inazama kisha inarudi. Nilitia mkono majini nikautoa haraka. Tulipika chai pale pale juu ya jiwe, na niseme ukweli, sijawahi kunywa chai kama ile, na ninauza chai. Mvua inanyesha, inafyonzwa na godoro lile, inatoka upande wa pili ikiwa baridi na nyepesi. Haikai ardhini muda wa kutosha kubeba kitu.

Saa nane mvua ilitukuta mjini Kericho, kama kawaida yake, wenyeji hata hawakuangalia juu. Ilipokatika tukateremka mpaka Kapsoit, ambako joto linaongezeka kidogo na mahindi yanachukua nafasi ya chai. Kulikuwa na kijito chini ya shamba lililolimwa upya, mifereji ikiwa imeelekea bondeni moja kwa moja, bila hata mstari wa nyasi. Maji yalikuwa mekundu kama supu ya nyanya. Mvua ilikuwa ileile tuliyojikinga nayo mjini. Tuliporudi Kapkatet tukavuka mto mwingine ambao kingo zake ni chai na miti ya asili mpaka majini, na huo ulikuwa umetiwa rangi kidogo tu.

Yale mekundu tulikuwa tumeyachota; tukayaacha yakatulia, tukayapika. Chai ilitoka nzuri! Nilishangaa. Tope lilikuwa limezama chini na maji yenyewe yalikuwa laini bado, hayajabeba kitu kingine.

"Lakini usikunywe hii bila kuchemsha sana," Mama Nyaboke akanionya. "Hata ya msituni. Laini si safi. Huko juu kuna ng'ombe, kuna watu. Mwaka jana mtoto wangu alilazwa na tumbo, na maji ilikuwa inang'aa tu."

Jioni jikoni kwake tulifanya jambo la mwisho. Tuliweka sufuria mbili motoni, moja ya maji ya Kogo, moja ya maji yaliyobaki mtungini, tukaziacha zichemke mpaka zikauke. Ya Kogo ilibaki karibu safi. Ya kwangu ilibaki na ukoko mweupe, mgumu, ambao niliukwangua kwa kucha. Nikaielewa nchi yangu pale. Kwetu mvua ni chache na jua ni kali, maji yanashuka kwenye miamba yanakaa huko chini miaka na miaka yakilamba chumvi na chokaa, na yale ya juu jua linayakausha linaacha ukoko. Nimeishi ndani ya sufuria hiyo maisha yangu yote.

Siku ya kurudi. Kogo alinisindikiza mpaka barabarani akaniambia "Kongoi mising", asante sana, kwa yale maji, ingawa aliyatema. Mama Nyaboke hakunipa majani ya zawadi, wala maji ya Kogo ya kuonyesha. Alisema Musyoka atasema nimehongwa, na alisema kweli.

Nilipita njia ya Nakuru. Karibu na mji nikaliona ziwa la Nakuru chini, na kingo zake nyeupe pepe. Vijito vinavyoingia mle vingine vinatoka Mau hiyo hiyo, upande wa pili tu wa kilima. Vikielekea Kericho vinakuwa chai. Vikishukia huku kwenye bonde kavu, ambako maji hayana njia ya kutokea isipokuwa kupaa angani, vinakuwa magadi. Mvua ni moja; inategemea imeangukia mlango gani. Nilimshukuru Mungu kwa kunionyesha, maana kwa miaka mingi nilidhani ametubagua sisi, kumbe ni mteremko.

Emali. Nilieleza yote. Musyoka alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Walikulisha kuku?" akauliza.

"Walinilisha."

"Basi." Akawageukia wengine. "Mnaona? Tunaambiwa maji iko na shida, na mimi nakunywa hii maji kila siku na bado niko na meno yote."

Nilikuwa sina maji laini, ya mvua, ya kuwapikia, na mbingu ilikuwa kavu kama mgongo wa kobe. Wenzangu wakaamua kusitisha oda mpaka nithibitishe. Wiki zikapita. Nilimwambia Mama Nyaboke kwamba tunangoja mvua ndiyo ithibitishe; hakunilaumu, alinitumia salamu tu, lakini nilisikia kwamba amefunga nusu ya duka. Nilipasua bomba kuukuu nikatengeneza mfereji wa paa, nikaweka pipa chini yake, watu wakapita wakicheka. Pipa likajaa vumbi na kuku wakataga ndani yake.

Mvua ilikuja alasiri moja bila kubisha. Niliiacha ioshe mabati kwanza, kisha nikalisuuza pipa nikalisogeza. Nikachemsha, nikatia majani ya ile pakiti ya mwisho ya Mama Nyaboke niliyokuwa nimebaki nayo, nikatia maziwa. Rangi ilipopanda nilijishika kiuno nikafunga macho. Wenye hoteli walikuwa wamekimbilia kibandani kwangu kujikinga, Musyoka akiwemo, hana pa kukimbilia. Nikawamiminia mmoja mmoja.

Musyoka alikunywa. Akatazama ndani ya kikombe muda mrefu. Akakimaliza, akakisukuma mbele yangu.

"Ongeza," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo: "Na hiyo mfereji, fundi wako alikuwa nani?"

Nilikimbilia simu. Mama Nyaboke alipokea, lakini mabati yalikuwa yanapigwa hata sikujisikia mwenyewe. Nilipiga kelele kwamba wanataka majani, wote, kwamba wanaweka mapipa, kwamba chai imekuwa chai. Hakusikia hata neno moja. "Nini?" alikuwa anauliza, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kwa msiba. "Mama Mwende, ni nini? Hiyo kelele ni ya nini?"

Basi nikaacha kuongea. Niliinua simu juu ya kichwa changu kuelekea paa, mkono ukaanza kuuma, nikaishikilia hapohapo. Nilipoirudisha sikioni alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Nimesikia," alisema. "Nimesikia, dada yangu. Kesho asubuhi nafunga mzigo."